Koplo Mablanketi Aingia Lango la Pili

Jumatatu, 3 Machi

Tangazo limebandikwa asubuhi hii kwenye ukuta wa bwalo la chakula. Mchujo wa makomando! Nimelisoma mara mbili, kisha nikasimama mbele yake makusudi ili wengine wasilione. Haikusaidia kitu. Mimi mwembamba, walisoma pande zote mbili.

Masharti si ya kutisha. Uwe umelitumikia jeshi miaka mitatu au zaidi. Mimi ninayo tisa, yote ndani ya bohari. Uwe na afya njema, akili timamu, na usiwe na kesi ya utovu wa nidhamu. Ujue kuogelea. Usiogope kimo wala mahali pa kubana. Mkuu wako akuruhusu. Na uwe hujafikisha miaka thelathini. Hapo nilimeza mate. Nafikisha mwezi ujao. Nikikosa safari hii, basi tena, nitahesabu soksi mpaka nistaafu.

Watu hawajui ninavyoteseka. Kambi yetu ina lango la kwanza, ambalo kila mtu anapita, na lango la pili, la kijani, wanalopita makomando peke yao. Mimi ndiye ninayewapa vifaa wanaokwenda kule kwa mafunzo. Buti zinarudi soli zimekwisha kabisa. Kamba zinarudi kama zimetafunwa. Lakini mablanketi! Yanarudi yamekunjwa vilevile nilivyoyakunja mimi, na mkunjo wangu naujua. Sasa watu hawa wanalala wapi? Wanajifunika nini? Miaka tisa najiuliza. Ukimuuliza komando, anatabasamu tu, anatia sahihi, anaondoka.

Jioni nimemwambia mke wangu. Amesema sawa, ila nisije nikavunjika mguu, maana nyumba yetu iko ghorofa ya nne na yeye hawezi kunibeba. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, ameuliza kwani huko kwa makomando nako wanatafuta mtu wa kukunja mablanketi. Ndiye aliyenipa jina la Koplo Mablanketi, na sasa kambi nzima inaniita hivyo. Sijui lilirukaje ukuta. Mwaka huu atanikoma.

Jumatano, 5 Machi

Nimejiandikisha. Nyuma yangu kwenye foleni alikuwa nani? Tarumbeta! Yule mpiga tarumbeta wa bendi, mwenye mashavu. Nimemuuliza kwa heshima kama amepotea njia. Akasema hapana, na yeye anataka kujaribu. Nimekosa raha siku nzima. Mtu ambaye kazi yake yote ni kupuliza bomba la shaba wageni wanaposhuka kwenye magari! Akipita yeye nikabaki mimi, nahama kambi.

Mchana nimekwenda kwa kinyozi wa kambi kutafuta siri. Makomando wananyolewa kwake, na mtu akishakuwa chini ya wembe huongea. Kinyozi amesema wakufunzi wa kule hawapigi kelele kabisa. Ukisikia mkufunzi anakusemesha taratibu kama muuguzi, jua unaliwa. Amesema pia hawakuambii umbali wala saa. Unatembea tu, mpaka watakapopenda. Na siku ya mwisho (hili ameninong'oneza sikioni, na sikio lenyewe limejaa povu) linaegeshwa lori mbele yako, kuna chai ya moto, unaambiwa karibu upande. Mtego! Ukilisogelea tu, lori linaondoka, nawe unavunjika moyo palepale. Wengi wameishia hapo. Nimemuuliza kama yeye amewahi kufika huko. Amesema hapana, lakini kichwa cha aliyefika amekinyoa.

Nimerudi nyumbani na kuanza mazoezi ya kuzuia pumzi. Nilijaza beseni maji, nikazamisha kichwa. Ilikuwa inakwenda vizuri sana. Ghafla nikavutwa kwa kola! Mama mkwe, anapiga yowe kwamba nimekufa. Alipoona niko mzima akaniuliza kwa nini nimetia kichwa changu kwenye maji ya kusuuzia mashuka. Shingo inaniuma mpaka sasa.

Ijumaa, 7 Machi

Vipimo vya afya: safi. Daktari amesema moyo wangu unadunda taratibu kama wa mtu asiye na shughuli. Nimeichukua kama sifa.

Kisha kapteni wa saikolojia. Mama mmoja mtulivu, ofisi ndogo, viti viwili. Nilikuwa nimekariri majibu yote. Kwamba mimi ni jasiri, kwamba napenda kushirikiana na wenzangu, kwamba kufa siogopi ila sipendi. Akanikaribisha kiti, akanyamaza. Nami nikanyamaza. Akazidi kunyamaza. Nikaona nivunje kimya kidogo kwa habari ya mvua. Kutoka kwenye mvua nikaingia bohari, kutoka bohari nikafika kwa mama mkwe, nikaeleza ninavyoficha soksi nzuri chini kabisa ya rafu, na niliposhtuka nilikuwa nasimulia ndoto zangu. Mpaka hapo hakuwa ameuliza swali hata moja! Huyu mama akipewa adui wa nchi, adui atataja mpaka jina la bibi yake.

Mwishoni ameuliza moja tu: kwa nini nataka kwenda kule. Majibu niliyokariri yote yaliyeyuka. Nikasema nataka kujua wanalala wapi. Akatabasamu, akaandika kitu, akaniambia niende. Sijui kama nimejimaliza. Nimejaribu kusoma alichoandika kichinichini, nikaambulia kuona herufi moja ya kwanza, na hiyo nayo inaweza kuwa mbili.

Jumapili, 9 Machi

Nimepita! Nimepita! Kesho naingia lango la pili. Tarumbeta naye kapita, lakini sitaki kulifikiria hilo leo.

Tumeambiwa kila mtu aje na shanta yenye uzito uliopangwa mgongoni, na mizani itakuwepo kwenye mstari wa kuanzia. Wenzangu wanajaza mchanga. Hawana akili. Mimi nimejaza chupa za maji. Uzito ni uleule, mizani haijui tofauti. Ila mchanga ukishaubeba umeubeba, na maji njiani unamwaga. Kidogo hapa, kidogo pale, unaonekana mtu mwenye kiu. Nikifika mwisho nitakuwa nimebeba plastiki tupu, natembea kama niko harusini! Sijamwambia mtu. Mke wangu aliponiuliza chupa zake zote za jikoni ziko wapi nilijitia kuhesabu tembe za maumivu ya kichwa.

Mama mkwe amepita akaangalia shanta. Amesema ikinilemea nirudi tu, hakuna atakayenicheka. Hilo la mwisho alicheka akilisema.

Jumatatu, 10 Machi

Niko ndani! Naandika nimejificha nyuma ya choo, shajara naificha kwenye soksi. Nyuma ya lango la pili kuna nini? Kuna uwanja, mabweni mawili, bwawa la kuogelea, na mlima. Hakuna joka. Nilitegemea angalau mbwa.

Mkufunzi wetu mkuu tumeshampa jina: Sajini Mpole. Kinyozi hakuongopa. Anaongea kwa sauti ya chini mpaka inabidi muache kupumua ili mumsikie. Ametuambia tunakwenda matembezi. Tarumbeta akauliza ni mpaka wapi. Sajini Mpole akasema ni swali zuri, akaanza kutembea.

Maji yalikwenda kama nilivyopanga. Nilimwaga kwenye kichaka cha kwanza, nikamwaga kwenye daraja, nikamwaga kwenye kichuguu. Wenzangu wanahema, mimi napiga mluzi. Mara tunakata kona, naona nini mbele? Mizani! Wanapima tena mwisho! Kinyozi hakuwahi kulitaja hili hata kwa bahati mbaya. Nikasingizia tumbo, nikachepuka kwenye majani, nikaanza kuzoa mawe na kusukumia ndani ya shanta. Kwa woga nikaona hayatoshi, nikaongeza. Nikaongeza tena. Shanta ikagoma kufungika, nikaikalia.

Sajini Mpole alipopima aliangalia mizani, akaniangalia mimi, akaiangalia tena mizani. Ya kwangu ilikuwa nzito kuliko zote. Akasema vizuri sana, Koplo. Akasema kuna utaratibu hapa: mtu akishaonyesha uzito anaoumudu, huo ndio anaoubeba mpaka siku ya mwisho. Wenzangu wamenipigia makofi. Tarumbeta kaniangalia kwa heshima ya kweli. Nimetabasamu. Mgongo unalia.

Jumatano, 12 Machi

Nimejua! Nimejua wanapolala!

Hawalali. Ndiyo siri yenyewe! Yaani wanalala, lakini vipande vipande. Kila ukilala filimbi inalia, mnatoka, mnakimbia, mnarudi. Mara ya kwanza nilikunjua blanketi langu. Mara ya pili nikakunjua, filimbi ikalia mguu mmoja bado haujaingia. Baada ya hapo nikaona wote wamekaa wameegemea shanta zao, wamefumba macho, buti miguuni. Blanketi linaachwa pembeni kama mgeni. Ukilikunjua ni lazima ulikunje, na kulikunja ndiko kunakomaliza usingizi wako. Miaka tisa! Nilicheka peke yangu mpaka wa jirani akanisogelea akidhani nimechanganyikiwa. Nilikuwa na furaha jamani. Hata wasiponichukua, hili nimelipata.

Lakini nataka wanichukue. Sasa ndiyo nataka zaidi.

Leo ilikuwa bwawani. Unakwenda chini na kipande cha kamba, unafunga mafundo uliyofundishwa, unapanda. Tarumbeta alizama tukamsahau. Alipotokea juu mafundo yote yako tayari na hata hahemi. Kumbe yale mashavu ni ghala la hewa! Mimi mafundo nayajua kuliko wakufunzi, ndiyo kazi yangu, ila sikuwahi kuyafunga nikiwa naogopa kufa. Fundo la kwanza nililifunga vizuri sana, tatizo mkono wangu ulikuwa ndani yake. Tarumbeta alirudi chini akanifungua. Nilimwambia nilikuwa nakaribia kumaliza. Akasema ameona.

Mchana wametufungia mmoja mmoja kwenye kisanduku cha saruji, giza, magoti yamegusa kidevu. Wawili walianza kugonga ukuta mara moja wakatolewa. Nataka kujua waliogopa nini. Mimi ninapofanya hesabu ya mwaka najibana kati ya rafu mbili za makoti siku nzima. Nilipitiwa na usingizi. Walipofungua nilikuwa nakoroma, na Sajini Mpole ameinama ananiangalia kama mtu aliyeokota kitu asichojua ni cha nani. Tulioingia tulikuwa wengi, sasa tunaenea kwenye benchi mbili. Mimi bado nimo!

Mawe yangu nimeyazoea. Kubwa nimeliita Mama Mkwe.

Ijumaa, 14 Machi

Ushindi! Naandika kwenye kituo cha mafuta, nyuma ya mahali pa kuoshea magari.

Tulianza kutembea alfajiri. Mlima, bonde, mlima. Hakuna aliyeambiwa umbali. Miguu yangu ilikuwa imeacha kuniuma, nikajua hapo mambo yameharibika zaidi. Tarumbeta alikuwa nyuma yangu anapumua kwa mpangilio, kama anasoma noti. Jua linaelekea kuzama tunashuka mteremko, na pale chini, kando ya barabara, nikaliona. Lori! Na meza! Na birika linatoa moshi!

Moyo ulinilipuka. Nikasema kimoyomoyo, kinyozi Mungu akuweke. Sajini Mpole alikuwa amesimama kando ya lori. Akasema kwa sauti yake ile, hongereni, shusheni shanta, kunyweni chai, pandeni gari. Nikamwangalia usoni. Uso mzuri, wa huruma. Uso wa mtego! Wenzangu masikini waliangusha mizigo kama magunia. Mmoja alikaa chini akalia. Tarumbeta alimimina chai na, hili sitalisahau, akaniletea mimi kikombe cha kwanza. Nilikisukuma. Nikampita. Nikalipita lori bila hata kuligusa.

Sajini Mpole akaniita. Koplo, panda gari. Nikatembea. Akanifuata akasema tena, safari imekwisha, panda gari. Lo, ana ustadi! Mara ya tatu alisema kama anasihi, na mimi nikaongeza mwendo. Hakuna aliyenifuata hata mmoja. Wote wameshindwa! Komando wa mwaka huu ni mmoja tu, na jina lake ni Koplo Mablanketi.

Nimetembea mpaka mjini. Watu wananitazama. Muuza mafuta kaniuliza natafuta nini. Sijamjibu. Anaweza kuwa mmoja wao.

Jumamosi, 15 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Tarumbeta ndiye aliyenipata. Alikuwa amezunguka barabara zote kwa miguu, miguu ile ile iliyopanda mlima, kwa sababu alikataa kupanda lori bila mimi. Nilipomwona nilidhani ametumwa kunikamata, nikakimbia. Na shanta yangu! Nikazunguka mashine ya kuoshea magari, yeye nyuma, mimi mbele, mpaka nikateleza kwenye povu. Aliketi kando yangu, akaniambia taratibu kwamba imekwisha. Nikamjibu kwamba na yeye wamemfundisha.

Leo nimeitwa kwa Sajini Mpole. Kapteni wa saikolojia alikuwepo. Sajini Mpole amesema nilikuwa nimepita. Nimeomba arudie. Nilikuwa nimepita, tangu mguu wangu ulipofika kwenye barabara ile. Lori lilikuwa lori. Chai ilikuwa chai. Zamani walikuwa wakiliondoa, wakaacha miaka mingi iliyopita, maana kila mtu alishajua. Kuhusu maji walijua tangu kichaka cha kwanza. Kila mwaka kuna mtu wa maji, amesema, ila hawajawahi kupata anayemwaga maji akarudisha mawe mazito zaidi na kuyabeba siku zote. Kwa hilo walinipenda. Kwa kulala ndani ya kisanduku walinipenda. Walishaandaa nafasi yangu.

Lakini komando akiambiwa kazi imekwisha lazima asikie, amesema. Asiposikia anawaua wenzake wanaorudi kumtafuta. Mimi niliambiwa mara tatu. Nikauliza kuhusu mwakani. Kapteni akaniambia kwa upole kwamba mwakani umri hauniruhusu. Nilikuwa najua. Niliuliza tu.

Nimelia. Siyo kwa kuigiza, nimelia hasa, mbele ya maafisa, na kamasi juu. Nilikuwa naweza! Hilo ndilo linaloniuma. Miaka yote nilidhani siwezi, kumbe nilikuwa naweza. Sajini Mpole amenishika bega, akasema nirudi nyumbani nikapumzike.

Jumatatu, 17 Machi

Asubuhi nimefungua bohari. Wa kwanza mlangoni ni Tarumbeta, amekuja kuchukua kofia yake ya komando. Kazi ya kumpa ni yangu. Nimechagua iliyo nzuri, kutoka chini kabisa ya rafu, nikamvalisha kwa mkono wangu. Imemkaa vizuri, mashavu yamepata kazi. Amesema mimi ndiye niliyestahili. Nimemwambia aondoke kabla sijambadilishia saizi. Tumecheka wote wawili. Si mtu mbaya.

Baada ya hapo nimekaa juu ya marundo ya makoti, nikafikiri. Nimefikiri mpaka saa ya chakula. Na kuna jambo halijakaa sawa.

Kwa nini Sajini Mpole anishike bega? Kwa nini aniambie nirudi nyumbani nikapumzike, kwa sauti ileile? Mtu aliyefukuzwa kweli hufokewa! Halafu wanijaze sifa zote hizo, kisha wanifungie mlango? Nani anafanya hivyo, kama si kutaka kuona mtu akivunjwa moyo kabisa atafanya nini? Nimekimbia kwa kinyozi. Amefikiri sana, wembe hewani, akasema hajawahi kusikia kitu kama hicho. Basi! Kama hata kinyozi hajasikia, ni siri ya juu kabisa. Mchujo haujaisha. Nimebaki peke yangu ndani yake!

Nimerudi nyumbani kwa tahadhari, nikipandia ngazi za nyuma. Nimefungua mlango, na nani amesimama hapo? Mama mkwe. Hakuniita Koplo Mablanketi. Ameniambia pole, mwanangu. Mwanangu! Miaka yote hii hajawahi. Akasema, sauti ya chini kabisa, kwamba amesikia nilivyobeba mzigo mkubwa kuliko wote, kwamba alikuwa akinitania tu, kwamba anajivunia mimi. Akanivutia kiti. Akasema nikae, nimechoka.

Damu ilinisimama. Hata yeye wamemfikia! Amesema mara ya pili nikae. Mara ya tatu amesema huku ameshika mkono wangu, macho yamejaa maji. Nimejikaza kiume. Nimesimama wima katikati ya sebule na kumpa cheo changu na namba yangu ya jeshi, basi, kama mtu aliyetekwa anavyotakiwa. Amefunika uso, akaenda kulia jikoni.

Anaigiza vizuri mno. Mke wangu amekwenda kumbembeleza na kuniuliza kwa ukali nimemfanya nini mama yake. Naye nimempa namba.